Mto peke yake haujengi ustaarabu

Makala hii imetokana na swali la mwanafunzi, na ninakiri mapema kwamba siku niliyoulizwa sikulijibu inavyostahili.

Nasomesha Maarifa ya Uislamu hapa Usevya, Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Tanga ambaye hajafika huku: ukitoka Mpanda mjini unapita Sitalike, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi huku mbung'o wakiingia ndani ya basi bila tiketi, kisha unateremka kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Unaikuta Kibaoni, halafu Usevya. Wenyeji wa asili ni Wapimbwe, ingawa leo wamechanganyika na Wafipa na Wasukuma wengi. Waislamu hatujazi msikiti mkubwa, lakini tupo, alhamdulillah, na vijana wetu wanasoma.

Siku hiyo tulikuwa katika kisa cha Nabii Musa (a.s.), kidato cha pili. Tulifika pale ambapo Firauni, kama inavyoelezwa katika Suratu Zukhruf, anajigamba mbele ya watu wake kwa ufalme wa Misri na kwa mito inayopita chini yake. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Ustadhi," akasema, "Firauni alijivunia mto. Na sisi tuna mto. Mbona kwetu hakuna hata ukuta mmoja wa zamani?" Darasa likacheka. Nami nikajibu kwamba Allah (s.w.) humpa amtakaye, kisha nikageukia ubao. Jibu hilo ni la kweli, lakini mimi nililitumia kumfunga mtoto mdomo. Nilimwona akiinamisha kichwa na kufunika daftari.

Nimelifikiri swali lile kwa muda mrefu. Ninaandika pia kwa sababu nyingine ambayo nitaieleza huko mbele, na ambayo hainipi sifa.

Mto alioutaja unaanza kwa jina la Katuma. Unatoka katika milima ya upande wa Mpanda, unapita mabonde ya mpunga, unaingia hifadhini pale Sitalike, unamwaga maji yake katika maziwa madogo ya Katavi na Chada, halafu unatoka huko ukiitwa Kavuu na kuteremka kwetu Mpimbwe hadi Ziwa Rukwa. Rukwa haina mlango wa kutokea. Maji yakifika humo yamefika, hayana safari nyingine. Kwa hiyo watu wa Mpimbwe ndio wa mwisho kwenye foleni ya mto huu, na kila tone tunalolipata limekwisha kupita mbele ya milango ya wengine.

Sasa tutazame hao waliojenga piramidi walikuwa na nini.

Misri karibu haina mvua. Mto Nile ulipata mafuriko yake kutokana na mvua za nyanda za juu za Ethiopia, ambazo zilishusha maji na tope jeusi kuanzia mwezi wa Julai. Maji yalifunika mashamba, yakatuama, kisha yakapungua kuelekea Oktoba na Novemba, yakaacha udongo mpya wenye rutuba. Mkulima akapanda, akavuna kabla ya joto kali. Mbolea ililetwa mlangoni, jembe lilifanya kazi nyepesi, na ngano iliyozidi ikaweza kumlisha mwashi, askari, kuhani na karani. Mto huohuo ulikuwa barabara pia: mkondo unakupeleka kaskazini, na upepo unaovuma kutoka kaskazini unakurudisha kusini ukitweka tanga. Mtu asingeweza kuomba barabara bora kuliko hiyo.

Iraq ilikuwa na bahati ya namna nyingine, tena yenye miiba. Furat na Dijla hujaa majira ya kuchipua, theluji inapoyeyuka milimani, yaani Aprili na Mei, wakati mazao ya mkulima yanakaribia kuvunwa. Maji yanakuja wakati hayatakiwi, na yanapotakiwa hayapo. Ndiyo maana watu wa Sumeri walilazimika kujenga matuta ya kuzuia mafuriko na kuchimba mifereji ya kuyapeleka maji wakati wa kiu. Na mfereji, msomaji wangu, ni kitu cha ajabu. Nyumba yako ukiiacha ianguke, umeumia wewe. Mfereji ukiacha kuzoa tope kwenye kipande chako, anayeumia ni jirani yako wa chini ambaye pengine hujawahi hata kumwona.

Kutokana na hali hiyo yakazaliwa mambo mengi tunayoyaita ustaarabu. Katika mji wa Uruk, kiasi cha mwaka 3300 kabla ya Miladia, watu walianza kuchora alama kwenye vigae vya udongo. Vigae vingi katika hivyo vya mwanzo havina mashairi wala sala. Ni hesabu: shayiri kiasi gani, kondoo wangapi, nani amepokea. Maandishi yalizaliwa stoo. Miaka mia kadhaa baadaye, kiasi cha mwaka 2500, miji miwili jirani, Lagash na Umma, ilipigana vizazi na vizazi kwa sababu ya ardhi ya mpakani na maji ya mfereji. Ni miongoni mwa magomvi ya kale kabisa ya mpaka ambayo kumbukumbu zake za maandishi zimetufikia. Na Hammurabi wa Babeli, aliyetawala karne ya 18 kabla ya Miladia, aliweka katika sheria zake kwamba mtu akizembea kutunza tuta lake, likabomoka na kuharibu shamba la mwingine, atalipa nafaka iliyoharibika. Kama hana cha kulipa, anauzwa yeye na mali yake, na wale walioharibikiwa wanagawana fedha.

Kwa muda mrefu wataalamu walisema kwamba mto mkubwa huzaa mfalme mkali, kwa kuwa bila mfalme nani ataamuru watu wachimbe? Karl Wittfogel aliandika kitabu kizima mwaka 1957 kuieleza rai hiyo. Lakini watafiti waliokwenda Iraq kuifuatilia mifereji ya kale waliona kuwa ile ya mwanzo ilikuwa midogo, ya kijiji na kijiji, kabla ya wafalme wakubwa kutokea. Watu walikwisha kujua kugawana maji, ndipo wafalme wakaja kukalia kiti kilichokwisha kuchongwa. Katika bonde la Indus, katika nchi inayoitwa Pakistan leo, mji wa Mohenjo-daro ulikuwa na visima vinavyokadiriwa kufikia 700 na mifereji ya maji machafu kila mtaa, lakini wachimbaji wa mambo ya kale hawajapata humo jumba la mfalme linalotambulika wala kaburi lake la fahari. Hili peke yake lingetosha kumjibu Firauni.

Bado swali la binti yule liko palepale. Kavuu nao una maji, una tope, una samaki. Kwa nini sisi hatukuandika vigae?

Jibu ninaloliona lina nguvu zaidi ni la Mmarekani Robert Carneiro, aliyeandika mwaka 1970 kuhusu asili ya dola. Alisema: tazama uzio. Mtu wa Misri alikuwa na jangwa mkono wa kulia na jangwa mkono wa kushoto. Akigombana na jirani yake hana pa kwenda. Ama wapatane, ama mmoja amtawale mwenzake. Hapa kwetu hali ilikuwa tofauti. Mvua za Novemba hadi Aprili zinatosha kukuza nafaka bila mfereji. Ardhi ilikuwa tele, watu wachache. Ukikosana na jirani, ukichoka na mtemi, shamba likichoka, unafunga mzigo unahamia bonde la pili. Kwa karne nyingi Mwafrika wa huku alitatua ugomvi kwa miguu yake. Huo haukuwa upumbavu. Ulikuwa uhuru ambao mkulima wa Misri, aliyekuwa akihesabiwa kodi mlangoni, hakuupata. Sikumwambia mwanafunzi wangu hili, na lilipasa kuwa jambo la kwanza kumwambia: kukosa piramidi si ushahidi kwamba babu zako hawakuwa na akili.

Tena si kweli kwamba mito yetu haikuacha alama. Pale Kalambo, kwenye mto unaotenganisha Tanzania na Zambia kabla ya kuporomoka zaidi ya meta 200 kuelekea Ziwa Tanganyika, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kushikamanishwa kwa ufundi, umri wake ukikadiriwa kuwa miaka 476,000. Mbao hazidumu, lakini hizi zilihifadhiwa na udongo uliolowa maji ya mto. (Najua wako wasomaji watakaotaka kubishana nami juu ya tarehe hizo na kisa cha Adamu (a.s.). Hilo ni darasa jingine, niachieni siku yake.) Kule Uvinza, karibu na mahali ambapo mto Ruchugi unaungana na Malagarasi, watu walichemsha maji ya chumvi kutoka chemchemi za kandoni mwa mto tangu karne ya 5 au ya 6 Miladia. Na hapa hapa Rukwa, upande wa kusini mwa ziwa, Ivuna ilikuwa na kazi ya chumvi tangu karne ya 13. Chumvi ilifanya biashara, na biashara ikafanya njia.

Lakini kwa kuwa binti aliomba ukuta, nampa ukuta. Upo Engaruka, wilayani Monduli, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ni nchi kavu, yenye vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Kati ya karne ya 15 na ya 18 wakulima walijenga pale mifereji, kuta na vipando vya mawe kwenye eneo la hekta 2,000 hivi, na vijiji saba kwenye mteremko wa juu wa mashamba. Maji yaliteremshwa kutoka kijitoni, yakapitishwa kipando hadi kipando. Mawe bado yapo, mtu anaweza kwenda kuyatazama. Na hapo penyewe wataalamu hawajaona jumba la mfalme. Ni wazi kwamba walikuwa na utaratibu wa zamu, kwa maana hakuna namna ya kumwagilia eneo kubwa namna ile kutoka vijito vichache bila watu kukubaliana nani afungulie leo na nani kesho. Kisha pakaachwa. Wataalamu wanatofautiana juu ya sababu, lakini kupungua kwa maji ya vijito vile ni miongoni mwa zinazotajwa sana.

Hapa inabidi niingie katika somo langu lenyewe, kwa sababu Qur'an imetutajia taifa la aina hiyo. Watu wa Sabaa, huko Yemen, hawakuwa na mto wa kudumu. Walikuwa na bonde la Dhana linalojaa maji ya mvua mara chache kwa mwaka. Wakajenga bwawa la Maarib, tuta lenye urefu wa karibu meta 600, lenye malango ya mawe kila upande, na maji yakagawiwa kwenye mabustani mawili, la kuliani na la kushotoni, ambayo Suratu Sabaa inayataja. Bwawa lilibomoka na kutengenezwa mara nyingi. Kuna jiwe lenye maandishi, la kiasi cha mwaka 548, linaloeleza matengenezo yaliyofanywa na Abraha, huyohuyo Abraha wa tembo. Miongo michache baadaye, katika zama za kuzaliwa Mtume (s.a.w.), lilivunjika lisijengwe tena. Wasimulizi wetu wa historia wanasema makabila kadhaa yalitawanyika kutoka Yemen kwa sababu ya kubomoka kwa bwawa hilo katika zama za nyuma, na miongoni mwao ni mababu wa Aus na Khazraj, waliokwenda kukaa Yathrib. Yaani Answari, wenyeji wa Mtume (s.a.w.), walikuwa wajukuu wa wakimbizi wa bwawa.

Weka hilo akilini, kisha usome hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Zubeir bin Awwam (r.a.) na Answari mmoja waligombania maji ya mfereji wa Harra, Madina, yaliyomwagilia mitende. Shamba la Zubeir lilikuwa juu. Answari alimtaka aachie maji yapite, Zubeir akakataa. Wakaenda kwa Mtume (s.a.w.). Akamwelekeza Zubeir amwagilie kisha amwachie jirani yake maji. Answari akakasirika, akadai kuwa hukumu imetoka hivyo kwa sababu Zubeir ni jamaa yake Mtume. Uso wa Mtume (s.a.w.) ukabadilika, na hapo akampa Zubeir haki yake kamili, ayazuie maji mpaka yafikie kingo za shamba. Wanazuoni wanaeleza kwamba hukumu ya kwanza ilikuwa suluhu, Zubeir akiombwa alegeze, na ya pili ilikuwa haki kwa kipimo chake. Na katika bonde la Mahzur, kama alivyopokea Imam Malik, kipimo hicho kiliwekwa wazi: wa juu azuie maji hadi yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha ayaachie yateremke kwa wa chini.

Vifundo vya miguu! Mtaona kwamba hapakuhitajika karani wala kigae. Kila mwanadamu alikwisha kupewa rula, na yule wa chini anaweza kupanda juu kuangalia kama mwenzake amezidisha. Baadaye dola ilipokua, vipimo navyo vilikua. Mwaka 861 Bani Abbas walijenga katika kisiwa cha Rauda, Cairo, nguzo ya kupimia Nile, ambayo ipo hadi leo. Maji yakifikia dhiraa 16, mwaka ulihesabiwa kuwa wa heri na kodi ikatozwa kamili. Yakipungua, watu waliogopa njaa. Na msomaji anayependa maneno atafurahi kujua kwamba neno sharia lenyewe, katika Kiarabu cha zamani, lilikuwa jina la njia inayoteremka kwenda kwenye maji ya kunywa.

Sasa nirudi kwenye uzio wa Carneiro, kwa sababu hapo ndipo makala hii ilipoanza kunichoma.

Zamani Mpimbwe haikuwa na uzio. Leo tunao. Kaskazini kuna hifadhi, huwezi kulima. Upande mmoja kuna ukingo wa Ufipa, mbele kuna ziwa. Watu wameongezeka, ng'ombe wameongezeka, na hakuna bonde la pili la kuhamia, kwani limekwisha kupata mwenyewe. Hali iliyomkuta mtu wa Nile miaka 5,000 iliyopita imetufikia sisi. Na mto nao umebadilika. Utafiti kuhusu Katuma uliochapishwa mwaka 2010 ulieleza jinsi mto ulivyokuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na ukataja mabanio ya wakulima wa mpunga nje ya hifadhi kuwa sababu kubwa. Wengi wenu mmeona picha za viboko wa Katavi waliorundikana kwenye dimbwi la tope, mgongo juu ya mgongo. Watalii wanalipa kuja kuwaona. Sisi tunaokaa huku tunajua kwamba picha ile ni picha ya kiu.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya 2009 inamtaka anayechepusha maji awe na kibali, na inaruhusu watumiaji wa mto mmoja kuunda jumuiya yao. Bonde la Ziwa Rukwa ni miongoni mwa mabonde tisa ya maji ya nchi hii na lina bodi yake. Nilikuwa nayajua haya yote. Nilikuwa nimekwisha hata kuyasomesha.

Na miaka mitatu iliyopita nilikodi ekari mbili za mpunga huko juu, kabla ya Sitalike. Mshahara wa mwalimu mnaufahamu. Rafiki yangu alinionyesha shamba, nikalipa, nikaajiri vijana wawili. Mvua zilipokatika mapema waliniambia kwa simu kwamba bila kubana mto majaruba yatakauka. Nikawauliza wenzao wanafanyaje. Wakasema kila mtu anabana. Nikatuma fedha ya viroba na chakula cha siku tatu. Wakajaza viroba mchanga, wakavipanga mtoni, maji yakaingia. Nilivuna magunia 31 na nikamshukuru Allah.

Agosti ya mwaka huohuo nilikwenda kumwona baba mkwe wangu, Mpimbwe wa hapahapa, ambaye ana bustani ya mboga kando ya Kavuu. Mimi ni mtu wa Tabora, nimeoa huku. Nilimkuta anachimba shimo katikati ya mto. Sio ukingoni, nasema katikati, mahali ambapo mke wangu aliwahi kunionyesha kwamba alipokuwa mtoto alikatazwa kukanyaga kwa kuogopa mamba. Alikuwa amefika kiunoni, akitafuta maji ya kumwagilia matuta manne ya nyanya yaliyobaki. Nikamwamkia, akaitikia. Akatoka shimoni, akajifuta mikono, akaniletea kigoda kama kawaida yake.

Tukaongea habari za watoto. Kisha akaniuliza, kwa upole uleule, "Mwanangu, mpunga wenu huko juu ulikwendaje?"

Nilimjibu kwamba ulikwenda vizuri, alhamdulillah. Akasema, "Vema." Hakuongeza neno. Alikuwa anajua, na mimi nilijua kwamba anajua. Wazee wa huku hawamgombezi mkwe. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake, nina shahada ya chuo kikuu, nimemaliza kusomesha hadithi ya Zubeir wiki chache nyuma, na maji ya nyanya zake yalikuwa gunia langu la 31.

Nataka kuwa muadilifu hapa. Mkulima wa juu si mwizi kwa kuwa yuko juu. Zubeir (r.a.) alikuwa juu na alikuwa na haki yake, ya kwanza tena. Wale vijana wawili wana watoto wa kulisha, na mchele wa mabonde yale unaliwa mpaka mijini, pengine hata mezani kwako. Wanaosema mabanio yavunjwe tu wasisahau kwamba banio la viroba linajengwa kwa siku tatu. Kinachokosekana mto mzima ni kile kifundo cha mguu: kipimo ambacho wa juu na wa chini wamekikubali wakiwa wamekaa mkeka mmoja. Jumuiya za watumiaji maji zinaweza kuwa mkeka huo. Ila mkutano wa watu wa juu peke yao, au wa chini peke yao, hautoshi. Huku chini tunakutana na kulalamika, huko juu wanakutana na kupanga zamu zao wenyewe, na kati yetu kuna hifadhi nzima yenye simba. Lagash na Umma angalau walikuwa wanaonana.

Shamba sikulikodi tena. Sisemi hivyo nipate sifa, maana amelichukua mtu mwingine na viroba bado vipo.

Mwaka huu nilimwita yule binti, sasa yuko kidato cha tatu, nikamwomba radhi mbele ya wenzake na kumpa jibu refu zaidi kuliko hili. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye nguzo ya Rauda akauliza ile nguzo ina urefu gani, na kama sisi tunaweza kuwa na yetu. Basi tumechukua mti mnyoofu wa meta mbili, tukautia alama za sentimeta kwa rangi nyekundu, na baba wa mwanafunzi mmoja, mvuvi anayejua mahali mamba hawapendi, ametusimikia Kavuu. Kila Jumamosi watoto wawili wanakwenda naye kusoma. Juni mwanzoni mti ulionyesha 84. Mwisho wa Julai, 37. Jumamosi ya pili ya Septemba waliandika sufuri, na chini yake mmoja wao akaongeza kwa penseli: "tope".

Daftari analitunza yeye. Amelipiga mistari safu mbili, moja ameiandika "Kavuu", nyingine "Katuma, juu". Safu ya pili haina kitu. Ameandika barua kwa wanafunzi wa sekondari moja ya huko juu, akiwaomba wasimike mti kama wetu na kuusoma siku hiyohiyo ya Jumamosi, saa hiyohiyo. Nimeipeleka mwenyewe kwa mkono wiki iliyopita, na nikamkabidhi mwalimu mwenzangu wa somo la jiografia. Ameniambia atazungumza na mkuu wa shule.